Mtihani Katika Siku za Giza

Umewahi kumwona mtoto amelala na macho yake yako wazi? Sisemi usingizi wa kitandani, wa kugeukageuka na kuvuta shuka. Nasema mtoto aliyekaa wima, penseli mkononi, kola imefungwa mpaka juu, ukimwita anaitika, lakini ukimtazama vizuri unaona kwamba mwenyewe hayupo, ameacha mwili ukae badala yake. Mjukuu wangu Yasmini alikuwa hivyo alipoingia darasa la nne.

Tunakaa Ujiji, chini kabisa, nyumba ambayo ukifungua mlango wa uani unasikia ziwa linavuta pumzi. Mama yake Yasmini ni Shadia, mwanangu wa mwisho. Alivuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, mwezi wa kwanza, wiki ileile shule zilipofunguliwa, na mzigo wa chumvi ya Uvinza. Alisema anauza, ananunua vitenge, anarudi. Lakini biashara ya ng'ambo huwezi kuipangia siku. Mara chombo hakijapakia, mara upepo, mara vitenge vyenyewe havijafika kutoka huko vinakotoka. Alikuwa akipiga simu, sauti inakuja kama imo ndani ya mtungi, "Mama, nakuja, nakuja," halafu mtandao unakata. Nikabaki mimi na Yasmini na kazi yetu ya dagaa.

Kwa asiyejua ziwa letu, nieleze kidogo. Dagaa wanafuata taa. Wavuvi wanaingia nazo majini, taa zinawaita dagaa juu, nao wanakuja wengi kama mvua iliyogeuzwa. Lakini taa haina ubavu mbele ya mwezi. Kwa hiyo siku za giza, mwezi ukiwa mwembamba au ukiwa haupo, mji mzima uko kazini. Siku za mbalamwezi, mwezi ukijaa, mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, watu wanaoa, wanatembeleana, na watoto wanalala mpaka jua liwaguse miguu. Ndivyo tunavyohesabu. Mtu wa huku anakwambia, "Nitakuja mbalamwezi hii," au, "Yule nilimzaa giza la mvua kubwa," na wote tunaelewa ni lini.

Basi siku za giza nilikuwa naamka na adhana ya alfajiri, na Yasmini ananifuata, amejifunga khanga yangu ya zamani kichwani. Tunashuka ufukweni wakati maji na mbingu bado ni rangi moja, huwezi kusema mtumbwi unaelea au unaruka. Taa za wavuvi zinarudi zikiwa bado zinawaka, zimepauka. Tunanunua ndoo zetu, tunapanda nazo kwenye vichanja vya kuanikia. Dagaa ukiwamwaga wanamwagika kama maji, lakini ukiwaacha warundikane wanachemka wenyewe kwa wenyewe na kuoza, kwa hiyo unawatandaza kwa vidole, polepole, mpaka kila mmoja apate nafasi ya kulala peke yake. Yasmini alikuwa na vidole vya kazi hiyo. Magamba yalimganda mpaka kwenye viwiko, na jua likichomoza nyuma ya vilima unamwona anameremeta mikono yote miwili. Kisha ananawa ziwani, anavaa sare, anakwenda shule akinuka sabuni na dagaa kwa pamoja.

Na huko ndiko alikokuwa analala na macho wazi.

Shule yetu iko juu ya mwinuko. Madirisha yake hayana vioo, yana nondo tu, na ya upande mmoja yanatazama ziwa lote. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Jeremia, alikuja mwaka uliotangulia kutoka Dodoma, mtu mrefu, msafi, anayefuta viatu kwa kitambaa kabla ya kuingia ofisini kwake mwenyewe. Alileta utaratibu mpya. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mtihani. Jumatatu, matokeo yanabandikwa ukutani, na watoto wanahamishwa madawati kufuatana na maksi. Waliofaulu sana wanakaa safu ya kijani, karibu na mlango na ubao. Wa katikati, safu ya njano. Walioanguka, safu nyekundu, kule dirishani. Kila safu imefungiwa vitambaa vya rangi yake, ili mkaguzi akiingia aone kwa jicho moja nani ni nani.

Na nyuma ya utaratibu huo kulikuwa na kobe.

Kobe mwenyewe wa mti, amechongwa, mkubwa kama sufuria ya pilau. Walimu wakuu wanapokutana kutazama matokeo, shule iliyoburuta mkia inakabidhiwa kobe, inakaa naye ofisini mpaka itakapopatikana nyingine ya kumpokea. Wetu alikuwa juu ya kabati la Mwalimu Jeremia, amefunikwa kitambaa cha meza chenye maua. Kumfunika hakukusaidia. Watoto walishamwona, wakampa cheo. Walimwita Makamu. Ukisikia wanasema, "Leo Makamu ametazama dirishani," jua wanamsema kobe.

Baada ya mtihani wa pili niliitwa shuleni. Nikaoga, nikavaa baibui yangu nzuri, nikapanda ule mwinuko pole pole, jua la asubuhi limetulia mgongoni. Ofisini nilimkuta Mwalimu Jeremia, na pembeni mwalimu wa darasa la nne, Mwalimu Winfrida, binti wa Kasulu, mdogo wa umri, amekaa na karatasi za watoto mapajani anasahihisha.

"Shikamoo Bibi Mwamini. Karibu, kaa."

"Marahaba mwanangu. Yasmini ametukana mtu?"

"Hapana, hana kelele kabisa. Shida ni maksi." Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Mwisho wa mwaka darasa la nne wana upimaji wa taifa. Majina yanapelekwa karibuni. Na yeye ameona kwamba watoto wote wa safu nyekundu warudi darasa la tatu kabla majina hayajakwenda, wajiimarishe.

"Darasa la tatu ameshalisoma," nikasema. "Alilimaliza akiwa na miguu yake yote miwili."

"Arudie tu, Bibi. Si adhabu."

"Kama si adhabu, mbona wa kijani hamwapi?"

Mwalimu Winfrida akainamisha uso juu ya karatasi zake. Mwalimu Jeremia akacheka kidogo, na kicheko hakikuwa kibaya. "Bibi, una maneno."

"Mtoto huyu ananisomea, Mwalimu. Ananisomea kopo la dawa, mfuko wa saruji, mpaka maandishi ya kwenye kiberiti. Mimi macho yamechoka, yeye ndiye macho yangu."

"Kwenye kiberiti anajua, kwenye karatasi yangu hajui. Na wanaokuja kunipima mimi hawaji na kiberiti." Kisha akatazama kabati. Akanyanyua ncha ya kile kitambaa cha maua, nikaona kichwa cha kobe, kimechongwa vizuri, kina kama tabasamu. "Huyu akikaa hapa mwaka mwingine, Bibi, mimi siko hapa. Wananivua ukuu, wananipeleka kijiji ambacho jina lake sijawahi kulisikia. Na mimi nina watoto wanasoma."

Nikamwonea huruma, nisiseme uongo. Mtu mzima kuogopa kobe wa mti, hilo ni jambo zito.

"Mtihani wako unaufanya Ijumaa ya mwisho," nikasema. "Zote mbili zimeangukia giza. Watoto wa ufukweni wanakuja kwako wametoka vichanjani. Hapo umepima usingizi. Wajaribu mbalamwezi, uone."

"Bibi, mtihani hautazami mwezi."

"Mtihani hautazami. Anayeufanya anatazama."

Akafunika kobe wake. Kwa adabu, akanishukuru kwa kuja.

Nilipotoka nilisikia viatu vinanifuata. Mwalimu Winfrida. "Bibi, hilo la giza. Ni kweli?"

"Njoo uone mwenyewe. Uje mapema, na usivae viatu vizuri."

Akaja. Asubuhi mbili tatu baadaye, ukungu umelala juu ya maji kama pamba, nikamwona anashuka njia ya mchanga, ameshika ndala mkononi. Kwenye vichanja tulikuwa tumejaa, kila mama na watoto wake, na mjane mwenzangu Verediana yuko kichanja cha jirani na changu, yule asiyeacha mtu apite bila kumgusa.

"Mwakeye, mwalimu!" akamwamkia kwa Kiha. "Umekuja kuchukua mahudhurio? Wote wapo."

Na kweli walikuwepo. Mwalimu Winfrida akasimama, anatazama kichanja hadi kichanja. Safu nyekundu karibu yote ilikuwa pale, imeinama juu ya fedha ile ya dagaa inayopumua, mikono inakwenda, macho yako mbali. Hawakushtuka kumwona. Walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," sauti laini, kama watu wanaoongea ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

"Na saa moja na nusu wananipangia mstari shuleni," akasema taratibu.

Akataka kusaidia. Akamwaga ndoo, akawarundika. Yasmini akamshika kifundo cha mkono, akamwonyesha jinsi vidole vinavyotembea. Mwalimu akafuata. Wakatandaza pamoja kichanja kizima mpaka jua likatoka na dagaa wote wakawaka mara moja, nikafumba macho.

"Huyu mwalimu tumpe kazi," akasema Verediana. "Mshahara wake dagaa wa mboga."

"Afadhali huo. Huu mwingine unakuja na kobe," akajibu Mwalimu Winfrida, na vichanja vyote vikacheka.

Haikupita muda tukaitwa kikao cha wazazi. Tukajazana darasa la sita, magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Mwalimu Jeremia akasimama, akaeleza habari ya wastani, na asilimia, na watoto wa safu nyekundu kurudi darasa la tatu. Kila mzazi anaomba moyoni wa kwake asitajwe, na mwenye wa kijani anatazama kucha zake.

Verediana akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hawa ni watoto au dagaa? Maana naona unachambua. Wakubwa wa kuuza Tabora huku, wadogo wa kupikia nyumbani kule."

Darasa likacheka. Mwalimu Jeremia akangoja. "Mama, nyinyi wenyewe mkipeleka sokoni mnachanganya?"

"Hatuchanganyi. Lakini hatumwambii dagaa mdogo arudi ziwani akakue upya."

Hapo hata yeye alicheka, akafuta paji la uso. Ndipo Mwalimu Winfrida akasimama nyuma ya chumba. Akasema amekwenda ufukweni, amewaona wanafunzi wake, na anaomba jambo moja tu. Mtihani unaofuata usingoje mwisho wa mwezi, ufanyike mbalamwezi. Mmoja tu. Wazazi wakapiga makofi, wale wa ufukweni wakapiga na miguu. Mwalimu Jeremia akatazama sakafu. Nadhani alikuwa anamwona kobe.

"Mmoja," akasema. "Lakini tuelewane. Atakayebaki nyekundu baada ya hapo, anarudi darasa la tatu, na mzazi wake hatakuja kunililia."

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha kama mtu aliyeolewa upya. Yasmini wangu amepona, nilijua. Ilibaki mwezi ujae tu.

Ukajaa. Ile wiki Ujiji inakuwa mji mwingine. Hakuna anayekimbia. Wanaume wanakaa kivulini na nyavu miguuni, harusi hii inaitana na ile, na ziwa lenyewe linakuwa kama limeambiwa lipumzike. Nilimwacha Yasmini alale. Nilikuwa nakaa mlangoni namtazama anavyolala na macho yaliyofumbwa sawasawa, mdomo umeachia kidogo. Akiamka nampikia ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese, anakula mpaka anaramba vidole. Macho yake yakarudi. Akaanza tena kunisomea kila kitu, mpaka tangazo la mganga lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, na nikamwambia hilo asilirudie kwa sauti.

Shadia akapiga simu mbalamwezi ileile. Nikampa mtoto aongee. Yasmini akashika simu kwa mikono miwili, anasikiliza, anatikisa kichwa kukubali, anatikisa tena, kana kwamba mama yake anamwona. Simu ilipokata akaendelea kuishikilia sikioni.

"Amesemaje?"

"Amesema anakuja."

"Basi atakuja."

"Najua," akasema, akanirudishia simu.

Siku ya mtihani sisi kina mama tulikwenda kuwapikia watoto uji, tukainjika masufuria nyuma ya madarasa. Ilikuwa imenyesha alfajiri, hewa imeoshwa, na ng'ambo milima ya Kongo imetokeza yote, bluu, karibu kama ukuta wa jirani. Uji ulipoiva nilikwenda mlangoni mwa darasa la nne kuchungulia. Darasa zima limeinama. Penseli zinakwaruza kwa pamoja, sauti kama mvua ndogo juu ya makuti. Mjukuu wa Verediana, Regina, ametoa ulimi pembeni kwa juhudi. Na Yasmini, kule dirishani, alikuwa amemaliza. Nikaona hivyo, amemaliza mapema kuliko wote, ameweka penseli chini, ameshika nondo ya dirisha kwa mkono mmoja, anatazama maji. Moyo wangu ukaimba. Nikarudi kwenye uji, nikauongeza sukari.

Jumatatu matokeo yakabandikwa. Verediana alinitangulia kufika, na kabla sijaumaliza mwinuko nikasikia vigelegele vyake. Regina amekwenda kijani. Wengine njano, wengine kijani. Nikawaona wanahama na mabegi yao, wanagongana, wanacheka, safu nyekundu inakauka kama kijito cha kiangazi. Wakabaki wachache sana, na mmoja wao ni Yasmini.

Nikasimama. Nilidhani macho yangu haya yaliyochoka yananidanganya. Nikamwomba Regina anisomee, akanisomea, kisha akainama kana kwamba kosa ni lake.

Mwalimu Jeremia akatoka ofisini. Hakuwa na dhihaka. "Bibi, ulisema kweli. Mwezi wako umewaangazia wote. Umemruka wa kwako." Akasita. "Tulielewana. Jumatatu ijayo anaanza darasa la tatu."

Nilishuka ule mwinuko sijui nimeshukaje. Verediana alinisindikiza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni. Tulipofika kwenye kona ya msikiti akasema, kwa upole kabisa, "Labda mtoto ndivyo alivyo, shoga yangu." Afadhali angenitukana.

Siku ile nikakaa uani nachambua matembele ambayo sikuwa na mpango wa kuyapika. Nilikuwa nimewaokoa watoto wa watu wote. Wa kwangu nilikuwa simjui, na nilimlea mwenyewe.

Alasiri mlango wa uani ukabishwa hodi. Akaingia Mwalimu Winfrida amemshika Yasmini mkono, na nyuma yao Mwalimu Jeremia, ameinama kupita mlango mfupi, viatu vimejaa mchanga na hakuvifuta.

"Bibi, usituone tumekuja wengi," akasema Mwalimu Winfrida. Alikuwa anahema. "Nimetembea na Yasmini kutoka shule. Njiani nimemuuliza mtihani wote, kwa mdomo. Wote, Bibi. Hesabu, kusoma, sayansi. Amenijibu kama anaimba. Nikarudi mbio kumwita Mwalimu Mkuu asikie kwa masikio yake."

"Nimesikia," akasema Mwalimu Jeremia. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, magoti yakamfika kidevuni. "Na ndiyo maana sielewi. Anajua. Ameandika nusu, nusu ameacha wazi. Angeandika hizo nyingine angekuwa kijani, wa mbele kabisa. Unajua ningefanyaje na maksi zile, Bibi? Ningempelekea Mwalimu Mkuu mwingine yule kobe."

"Kobe tena!" akasema Mwalimu Winfrida. "Mwalimu, mimi nataka zile safu zivunjwe. Nimechoka na vitambaa. Nafundisha rangi, sifundishi watoto."

"Ukivunja safu, mkaguzi akija nitamwonyesha nini?"

"Utamwonyesha watoto."

"Watoto hawajazwi kwenye taarifa."

"Na mimi nataka aendelee na darasa lake," nikasema, na sauti yangu ikapanda kuliko nilivyokusudia. "Hilo tu. Tangu mwanzo nataka hilo tu."

Tukaendelea hivyo, mmoja anavuta huku, mwingine kule, kama wanunuzi watatu juu ya ndoo moja. Jua limeingia uani kwa pembeni, limetulia juu ya mchanga, juu ya matembele, juu ya miguu ya Yasmini. Alikuwa amesimama katikati yetu, haangalii yeyote. Macho yake hayakuwa yamelala. Yalikuwa yanatusikiliza. Ndipo nikaona jambo ambalo, ukiniuliza, lilikuwa wazi siku zote. Tumemuuliza mtoto huyu hesabu, tumemuuliza sayansi, tumemuuliza mpaka mama yake amesemaje. Hatujamuuliza yeye.

"Nyamazeni," nikawaambia walimu wote wawili. Wakanyamaza. Nikamvuta Yasmini karibu, nikampangusa jasho la shingo. "Mjukuu wangu. Ulijua majibu?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Yote?"

Akatikisa tena.

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

Kule nyuma ya ukuta ziwa likavuta pumzi, likaitoa. Nilimwona anayapanga maneno mdomoni kama anavyopanga dagaa, moja moja, kila moja mahali pake.

"Mama alinipeleka shule mwenyewe," akasema. "Siku ya kufungua. Darasani hapakuwa na mtu. Akachagua dawati, akalipangusa kwa khanga yake, akanikalisha. Akasema kaa hapa dirishani upate upepo, mimi nikirudi napita hapahapa kabla sijafika nyumbani, nakuchungulia."

Mwalimu Winfrida akaweka mkono mdomoni.

"Halafu zikaja rangi," akasema Yasmini. "Dirishani pakawa nyekundu. Nikiandika yote, nahamishwa. Nikaona nusu inatosha." Akamgeukia Mwalimu Jeremia, kwa adabu, kama anayemkumbusha jambo alilosahau. "Lakini na darasa la tatu ni chumba kingine, mwalimu. Madirisha yake yanatazama barabara."

Mwalimu Jeremia akatazama viatu vyake vilivyojaa mchanga.

"Mimi sikutaka kufeli," akasema mtoto. "Nilitaka mama akija anikute palepale aliponiweka."